Chuma Hakivai Sweta

Nyumbani kwangu kila kitu kimevaa. Televisheni ina kitambaa chake cheupe chenye pindo la maua, redio ina chake, na makochi yana vya mgongoni na vya mikononi. Meza ya sebuleni ina viwili, cha wageni chini na cha kila siku juu yake, ili cha wageni kisichafuke. Wageni wakija huwa tunasahau kuondoa cha juu. Rimoti imo ndani ya mfuko wa nailoni tangu siku iliponunuliwa, na ukitaka kubadili stesheni inabidi ubonyeze kwa kucha. Chupa ya chai ina koti.

Vyote nimevifuma mwenyewe. Nilifundisha shule ya msingi hapa Sumbawanga mpaka nikastaafu, na walimu wa kike wa wakati wetu tulikuwa tunafumia kwenye vikao. Mwalimu mkuu anasoma waraka, sisi tunahesabu mishono, kila mtu na kazi yake. Nilipostaafu nikanunua mashine ya kufuma, nikaiweka dirishani, na sasa nafuma masweta ya shule. Kwa baridi ya huku, mtoto asiye na sweta mwezi wa sita hasomi, anatetemeka tu mpaka kengele ya kutoka.

Nayasema haya mapema ili nikifika kwenye vyuma vya mume wangu msomaji asinione nimerukwa na akili.

Mume wangu alikuwa mkata nyasi. Kwa miaka thelathini na mitatu alikata nyasi za uwanja wa gofu ulioko katikati ya mashamba ya chai, mbali na hapa, safari ya basi ya kutwa nzima na kipande cha kesho yake. Alianza na fyekeo, akamaliza na mashine ya kukalia. Mimi nilibaki huku na ajira yangu. Alikuja likizo mara mbili kwa mwaka, na mtoto wetu wa pekee alizaliwa Septemba, kama watoto wengine wengi ambao baba zao huja Krismasi. Hata hivyo mume wangu ameniita Mama Watoto siku zote. Niliwahi kumuuliza hao wengine wako wapi. Akasema ni heshima tu.

Aliporudi moja kwa moja alishuka kwenye basi na godoro, sanduku la mbao, na begi refu la ngozi lililojaa fimbo za gofu. Meneja mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia. Njiani basi liliposimama Laela, wauza mahindi ya kuchoma walimwuliza kama yale ni mabomba ya maji na kama anauza. Alikasirika mpaka Sumbawanga.

Ndani ya begi mlikuwa na fimbo moja yenye kichwa kikubwa kinene, ambayo yenyewe ilikuja na kofia yake ya ngozi. Nikaipenda hapohapo. Kisha palikuwa na vyuma, yaani fimbo zenye vichwa vya chuma, na vyuma ndivyo vilivyonisumbua. Vilikuwa saba, kuanzia namba tatu hadi namba tisa, na vyote vilikuwa uchi. Vilikuwa vimechomoza vichwa juu ya begi bila hata leso, na kila alipopiga hatua viligongana. Kwang', kwang', kwang'.

Tunakaa upande wa Kasense, pale ambapo mashamba ya mahindi na ulezi yanakwisha na malisho ya ng'ombe yanaanza. Malisho ni tambarare, yanateremka polepole mpaka mtoni. Mume wangu aliyatazama siku mbili, siku ya tatu akachukua jembe na makopo manne ya maziwa ya unga, akachimba mashimo manne. Huo ndio uwanja wake. Ng'ombe wa jirani walipunguza nyasi bila malipo, ila na wao walikuwa na namna yao ya kujaza mashimo, na ilimbidi atembee na kijiko. Hakulalamika. Alisema kule kwenye chai wanachama wa klabu ya gofu walikuwa na tabia mbaya zaidi.

Kila asubuhi alipita chini ya dirisha langu akielekea malishoni na lile begi begani. Kwang', kwang', kwang'. Majirani walilijua lile begi. Mbwa walilijua. Mwezi wa kwanza nilivumilia, mwezi wa pili nikamwambia vyuma vyake vinahitaji nguo.

Akacheka. Akasema chuma hakivai nguo.

Hivyo ndivyo yalivyoanza mabishano yaliyotuchukua miaka miwili, mengi yake yakifanyika juu ya ugali. Mimi nilisema vyuma vikigongana vinachubuka. Yeye alisema vimechubuka kwa sababu vimefanya kazi, na akaniuliza kama jembe langu nalivalisha. Mimi nilisema fimbo ya kichwa kinene mbona ina kofia. Yeye alisema ile uso wake ni laini, inapiga mpira uliowekwa juu ya kijiti, haigusi ardhi. Chuma kimetengenezwa kupiga udongo na mpira kwa pamoja. Kitu kinachopiga udongo kutwa kinaogopa nini kugongana na ndugu yake?

Halafu palikuwa na hoja ya maji. Ukikivalisha chuma kilichotoka kwenye umande, alisema, umekilaza na nguo mbichi, na hata mtoto ukimlaza na nguo mbichi anaamka anaumwa. Nikamwambia akifute kwanza. Akaniuliza nani atafuta vyuma saba kila baada ya kupiga, akavua na kuvalisha, na watu wanne nyuma wanamsubiri. Nikamkumbusha kwamba huku Kasense nyuma yake hakuna mtu anayemsubiri ila ng'ombe. Akasema mazoea ni mazoea.

Lakini kilichomuuma hasa kilikuwa kazi yake ya zamani. Wanachama waliovalisha vyuma walikuwa wanavua vile vifuniko, wanavitupa kwenye nyasi, wanapiga, wanaondoka. Mume wangu anakuja nyuma na mashine. Kifuniko kinaingia kwenye visu, kinasokotana, na yeye anatumia nusu ya siku amelala chini ya mashine akichomoa nyuzi kwa kisu cha mfukoni. Aliviita soksi. "Soksi za wanachama," alisema, na uso wake ulibadilika kama anayetaja mtu aliyemwibia. Alisema katika miaka yote ile hakuona mtu aliyevalisha vyuma vyake akapiga mpira wa maana.

Nilipoonekana kutaka kushinda, alitoa hoja ya ukoo. Babu yangu mzaa baba ametoka kwa wafua chuma. Wafipa wa zamani walikiyeyusha chuma wenyewe, kwenye matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, na nikiwa mtoto nilimwona babu akilitundika jembe lake juu ya jiko, kwenye moshi, bila kitambaa wala gunia. Halikuwahi kushika kutu. Nilifanya kosa la kumsimulia mume wangu jambo hilo wakati tunachumbiana. Alilihifadhi miaka thelathini akisubiri siku yake.

"Mimi ni mkata nyasi tu," alikuwa akisema huku anamega tonge. "Kaulize ukoo wenu."

Niliyapenda mabishano yale. Niseme wazi. Nilikuwa nimekula peke yangu muda mrefu, na mtu anayekula peke yake hana wa kumwambia kwamba amekosea.

Mwaka wa tatu akaanza kusahau. Kwanza ilikuwa chumvi kwenye chai, na nani hajawahi kutia chumvi kwenye chai. Kisha Jumapili moja tulipotoka misani akaondoka na familia nyingine, akaenda nao mpaka kwao, akakaa mezani, akakaribishwa chai, na baada ya chai wakamrudisha kwa adabu kubwa wakisema alikuwa amepita kuwasalimia. Nikawashukuru kwa uongo wao.

Kisha ikaja asubuhi moja. Nilikuwa kwenye mashine, akatoka chumbani amevaa vizuri, amevaa na kofia, akasimama mbele yangu akaivua.

"Shikamoo mwalimu," akasema.

Mume wangu amenizidi miaka sita. Nikaitikia marahaba. Ningeitikia nini?

"Samahani, mwalimu. Namuulizia mama watoto wangu. Sijui yupo?"

Nikamwambia katoka kidogo. Akasema basi atamsubiri. Akakaa ukingoni mwa kochi, kofia magotini, akiwa mwangalifu asikikunje kitambaa cha mkononi, jambo ambalo hajawahi kulifanya akiwa mume wangu. Nilimpelekea chai. Akanywa nusu kikombe, akaniangalia, akasema, "Mama Watoto, leo sukari imekwisha?" Nikaenda jikoni nikalia. Alipouliza nikasingizia moshi, ingawa jiko letu ni la gesi.

Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, wa uzeeni, hauna dawa ya kuuponya. Alisema kutembea kunamfaa na asinyimwe anachokipenda, ila asiende mbali peke yake. Nikamwuliza mbali ni wapi. Akasema mimi mwenyewe nitajua.

Binti yetu ameolewa Kipili, anauza samaki, migebuka ya kukaushwa, na ana uamuzi wa haraka kama wafanyabiashara wote. Alinipigia simu siku hiyohiyo.

"Mama, lile begi lifungie stoo."

"Baba yako si kuku, mwanangu."

"Sijasema baba, nimesema begi. Si akikosa begi hatatoka?"

"Akikosa begi atakaa kwenye kochi amngoje mke wake."

"Na akipotea, mama?"

"Nitamsikia," nikasema.

Na ilikuwa kweli. Kutoka dirishani nilijua kila alipo. Kwang' za karibukaribu, anatembea. Kimya kifupi, anapanga miguu apige. Kwang' tena, anaufuata mpira. Sauti ikipungua kuelekea mtoni, natoka nje namwita anarudi. Malisho yale hayana mti wa maana wa kuzuia sauti, na masikio yangu yamefundisha darasa la watoto tisini, yanajua nani kahama dawati. Kwa mpango huo tulimaliza miezi mingi salama. Yeye aliendelea kuwa mtu anayetoka kwenda kazini kwake, mimi nikaendelea kufuma. Nilimwomba Mungu mpango huo tu, usiharibike.

Nikauharibu mimi.

Namba za vyuma huchongwa chini ya kichwa, ndogo kama sisimizi, na mume wangu akaanza kuzichanganya. Alikuwa anasimama malishoni muda mrefu akiangalia vichwa saba vinavyofanana, hajui achukue kipi, na anarudi nyumbani mnyonge. Siku moja aliniambia, "Leo saba hakuja kazini." Saba alikuwemo begini. Nilimtoa nikamwonyesha, akamtazama kwa mashaka.

Ndipo nikafuma. Nilikuwa na masalia ya nyuzi za shule mbalimbali: kijani, maruni, njano, bluu, kijivu, nyekundu, na rangi moja ya chungwa ambayo shule husika waliikataa. Nikafuma vifuniko saba, uzi mara mbili kwa uzito, kila kimoja na namba kubwa nyeupe ubavuni ambayo hata mtu asiye na miwani angeiona. Ningependa kusema nilivifuma kwa ajili yake tu. Si kweli. Miaka miwili ya kushindwa kwenye ugali ilikuwemo kwenye kila mshono.

Nilipompelekea nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa na majibu ya umande na ya ukoo. Yeye akakishika cha namba saba, cha rangi ya chungwa, akakigeuza, akamvalisha saba, akamvuta vizuri shingoni kama mtoto anayekwenda shule.

"Vizuri," akasema. "Atapata joto."

Hivyo tu. Nilimpigia binti yetu simu kumwambia nimeshinda.

Wiki ile mvua ilinyesha mfululizo, hakutoka. Begi lilikaa sebuleni limevaa rangi zake saba na lilipatana na makochi. Nililitazama mara nyingi. Ilikuwa siku ya nne au ya tano nilipotambua kwamba sikushinda kwa hoja. Nilishinda kwa sababu mpinzani wangu alisahau upande wake. Nilipotambua hivyo ningeweza kuvivua. Sikuvivua. Vilipendeza.

Asubuhi moja mvua ikakatika. Ilikuwa mwezi wa tatu, na huku mvua ikikatika mwezi wa tatu ukungu hupanda kutoka mtoni na kukaa. Nilikuwa na oda ya masweta ya darasa zima. Mume wangu akapita na begi begani.

"Natoka, Mama Watoto."

"Usifike mtoni."

"Sawa."

Nikafuma mkono mmoja wa sweta. Nikafuma wa pili. Nakumbuka niliwaza, leo kumetulia kweli, na niliwaza hivyo kwa raha kabisa, kama mtu aliyelipata alichokiomba. Nilianza kufuma kifua. Ndipo nikainua macho dirishani na kuona nje ni peupe, hata uzio wangu hauonekani. Nikategea sikio. Hakuna kitu. Nikasubiri, kwa sababu kupanga miguu kunachukua muda wake. Hakuna kitu. Kisha jicho langu likaangukia kidonge cha uzi wa rangi ya chungwa kilichobaki mezani.

Chuma kilichovaa sweta hakilii. Mtoto wa darasa la tatu angeniambia.

Nilivaa buti za mvua, nikajitanda khanga, nikatoka. Sikuona hatua kumi mbele. Ng'ombe wa jirani niliwasikia kabla sijawaona, kengele zao zikilia taratibu, kisha jirani mwenyewe akatokea nyuma yao na fimbo yake. Ni mtu mzima, mpole, hana maneno mengi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mzee umemwona?"

"Sijamwona, mama. Wala sijamsikia. Nikajua leo kapumzika."

Nikamweleza habari ya masweta. Ilinibidi nieleze mara mbili. Alipoelewa alitazama chini muda, akitafuta namna ya kuliweka jambo bila kunivunjia heshima.

"Mama," akasema, "huku kwetu anayejaza majani kwenye kengele ya ng'ombe huwa ni mwizi."

Nikasema asante.

Alimchukua ng'ombe wake anayeongoza wenzake, yule mwenye kengele kubwa, akamfunga kwenye mparachichi wangu ili anapokula kengele ituonyeshe nyumba iko wapi. Kisha tukaingia kwenye ukungu. Mto ulikuwa umejaa wiki nzima. Wote wawili tulijua hilo na hakuna aliyelitaja.

Niliita, "Mzee! Mzee!" Wazee wawili wasiohusika waliitika kutoka kwenye mashamba yao, wakauliza kuna nini, wakatuombea heri. Niliomba kwa mtakatifu wa vitu vilivyopotea, ingawa sikuwa na hakika kama mume anahesabiwa humo. Tulifika kwenye shimo la kwanza, kopo limejaa maji ya mvua. Shimo la pili, hakuna mtu. Tulikuwa tunasimama kila mara kusikiliza, na kila tuliposimama nilisikia kengele nyuma yetu na maji mbele yetu, na kati ya hivyo viwili hapakuwa na kitu chochote. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na mikono yangu ilikuwa bado ina harufu ya sufu.

Jirani ndiye aliyekiona kifuniko cha kwanza. Kilikuwa kwenye nyasi, kijani juu ya kijani, ila namba yake nyeupe ilionekana. Tisa. Akakiokota, akakikamua, akakitia kwenye mfuko wa koti. Hatua kama sitini mbele tukakuta cha maruni, namba tano. Kisha cha njano. Mume wangu, aliyewalaani wanachama kwa kuacha soksi zao kwenye nyasi, alikuwa anaacha soksi zake kwenye nyasi, na zilikuwa zinateremka kuelekea mtoni.

Cha bluu tulikikuta pale mteremko unapokazana, mahali ambapo ukisimama unalazimika kupaza sauti ili usikike juu ya maji. Mpaka hapo nilikuwa natembea. Hapo nikakimbia, na kwa umri wangu na buti zile si jambo la kusimulia.

Kwang'.

Nikasimama. Jirani akasimama. Ikaja tena, mara mbili, kutoka mkono wa kushoto.

Alikuwa amekaa juu ya jiwe, hatua chache tu kutoka kwenye maji, begi katikati ya magoti. Viatu na suruali yake vilikuwa vimelowa mpaka kwenye magoti. Sijamwuliza aliingia wapi akatokaje, na yeye hajasema. Alikuwa anamvua namba saba sweta lake. Akalitupa kando, akamfuta saba kwa pindo la koti, akamrudisha begini kwa wenzake, uchi kama wao. Kwang'.

Kisha akainua uso akaniona. Nikaona anavua kofia, na nikajiandaa. Nilikuwa na marahaba mdomoni, tayari kabisa. Nilijiambia hata akiniamkia mara mia nitaitikia mara mia, mradi yuko juu ya jiwe na si ndani ya maji.

"Mama Watoto," akasema kwa ukali, "nani kavivalisha vyuma vyangu masweta?"

"Mimi," nikasema.

"Nimekwambia mara ngapi chuma hakivai nguo? Njoo uone."

Nikaenda. Akamtoa saba, akaniwekea karibu na macho. Kwenye uso wa chuma palikuwa na vidoa vya rangi ya udongo, vidogo, vipya.

"Kutu," akasema. "Wiki moja tu."

Na hapo juu ya lile jiwe akazitoa zote, hoja zake, kwa mpangilio wake wa zamani. Umande na nguo mbichi. Kitu kinachopiga udongo kinaogopa nini. Watu wanne wanaosubiri nyuma. Soksi za wanachama zinazoingia kwenye visu, na nusu ya siku chini ya mashine. Hata la babu hakuliacha, jembe, jiko na moshi. "Mimi ni mkata nyasi tu. Kaulize ukoo wenu." Nilisimama kwenye matope nikashindwa hoja moja baada ya nyingine, machozi yananitoka bila moshi wala gesi, na sijui kama niliwahi kuwa na furaha kama ile tangu nizaliwe. Jirani aligeuka akawa anautazama ukungu, kana kwamba kuna kitu ndani yake.

"Umeshinda," nikamwambia.

"Najua," akasema. Akanipa mkono nimwinue.

Tulirudi kwa kuifuata kengele ya ng'ombe. Mume wangu alitangulia, begi begani, likilia njia nzima, na kila alipopita kifuniko ambacho hatukukiona mwanzoni alitikisa kichwa akisema wanachama hawa hawana adabu. Ng'ombe tulimkuta amemaliza nyasi zote chini ya mparachichi na ameanza kula pindo la shuka langu kwenye kamba. Sikumwambia kitu.

Kesho yake asubuhi akatoka chumbani na kofia mkononi. "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia.

Vifuniko nilivifumua. Uzi wa chungwa bado hauna shule inayoutaka. Vyuma navipangusa mwenyewe kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta ya alizeti, na namba nimeziandika kwa rangi ya kucha kwenye shingo ya kila kimoja, jambo ambalo lilinijia baadaye, kama yajavyo mambo yote ya akili. Binti yangu ananiambia huko duniani wapo watu wanaobishana kama vyuma vya gofu vivalishwe au visivalishwe, na wanagombana kweli. Nawaelewa. Wavalishe wakitaka, ila kwanza wamuulize anayebaki nyumbani.

Siku hizi ananiamkia karibu kila asubuhi, na Mama Watoto huja mara chache, bila kupiga hodi, katikati ya chai. Kabla hajatoka nalishika lile begi nalitikisa mwenyewe mlangoni, mpaka nisikie vyuma vyote saba. Yeye hudhani ninalikagua na husimama wima akingoja. Kisha nakaa dirishani na mashine yangu. Sauti ikinyamaza naanza kuhesabu, maana mtu anahitaji muda wa kupanga miguu. Mara nyingi sifiki kumi. Nikifika ishirini naacha sweta la mtoto wa watu lilipofikia, navaa buti.